Ua, Kibao na Karai: Kisa cha Mgodi wa Rosterman, Kakamega

Mkutano ulikuwa umeendelea saa nzima chini ya mwembe, na waliokuwa wakisema ni sisi wenye karatasi peke yetu. Tulikuja na mchoro wa ardhi na barua iliyobaki kutiwa sahihi tu, ya kuomba sehemu ya mgodi wa zamani wa Rosterman itangazwe kuwa eneo la turathi. Tukaeleza habari za ua, habari za kibao chenye maandishi, habari za lango la wageni. Ndipo mama mmoja aliyeketi pembeni, vumbi jeupe la mawe likiwa bado limemganda viganjani, akainua mkono.

"Mwalimu," akaniambia, "hilo shimo mnalotaka kulizungushia ua ndilo lililowasomesha watoto wangu wawili. Mkishaweka kibao, nitapika kibao?"

Watu walinyamaza. Liguru, yaani mzee wa mtaa, aliyekuwa ametuunga mkono tangu mwanzo, aliinamisha kichwa, na mimi sikuwa na jibu.

Barua ile hatukuituma. Naandika uchambuzi huu kueleza kwa nini, na kueleza kilichofuata, kwa sababu najua kuna makundi mengine Migori na Vihiga yanayofikiria jambo kama hili juu ya machimbo ya kwao. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Kwa miaka mingi nilifundisha mapinduzi ya viwanda ya Uingereza, makaa ya mawe na injini za mvuke, huku mgodi ambao watoto wale wale walipita kando yake kila siku nikiwa sijautaja hata mara moja. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mahali penyewe

Rosterman iko nje kidogo tu ya mji wa Kakamega. Jina ni la kampuni, Rosterman Gold Mines, iliyochimba hapo tangu miaka ya 1930 hadi 1952. Kampuni ilienda zake, mtaa ukabaki na jina. Mgeni akifika akitarajia kuona mnara wa chuma na reli za vigari vya mawe, ataona mahindi, migomba na nyumba za mabati, na katikati ya hayo mashimo na vilima vya kifusi. Ukilitaja jina la Rosterman mjini siku hizi, wengi hukumbuka jaa la taka kabla ya kukumbuka dhahabu, kwa kuwa taka za mji zimekuwa zikimwagwa upande huo. Mji uliokua haraka kwa sababu ya dhahabu unapeleka uchafu wake kule dhahabu ilikotoka. Sijui jambo jingine linaloonyesha wazi zaidi jinsi tulivyosahau.

Chini ya mahindi hayo kuna mwamba wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ni sehemu ya ukanda mkongwe unaolizunguka Ziwa Victoria na kushuka hadi Geita, Tanzania. Dhahabu imo katika mishipa ya jiwe jeupe la kwatzi iliyoupenya mwamba huo. Mshipa huweza kuwa mwembamba kama kiganja, ukapanuka, ukapotea, kisha ukatokea tena hatua kadhaa mbele. Kwa hiyo mchimbaji haendi moja kwa moja. Anaufuata mshipa unakompeleka, na mapito ya chini kwa chini yanapindapinda kama mizizi. Jambo hili litakuwa na maana nitakapofika kwenye suala la usalama.

Neno "milele" na mwezi wa Desemba 1932

Dhahabu ilitangazwa mwaka 1931, baada ya mlowezi mmoja Mmarekani, L. A. Johnson, kuipata katika bonde la Mto Yala. Yeye na wenzake walikuwa na shirika lao la utafutaji, Eldoret Mining Syndicate. Wakati huo walowezi wengi wa Uasin Gishu na Trans Nzoia walikuwa wamekwama. Bei ya mahindi ilikuwa imeanguka kwa sababu ya mdororo wa uchumi wa dunia, na nzige walikuwa wamepita. Septemba mwaka huo huo Uingereza ikaiondoa pauni kwenye kipimo cha dhahabu, yaani thamani yake haikufungwa tena kwa dhahabu, na bei ya dhahabu kwa pauni ikapanda. Mkulima mwenye deni benki akasikia kuwa kuna dhahabu mwendo wa siku moja kutoka shambani kwake. Walikuja kwa mamia, na mahema, karai na vigingi vya kuwekea mipaka.

Ardhi waliyoipiga vigingi ilikuwa na wenyewe: Abaisukha, Abidakho, Abatsotso, Avalogoli na majirani zao. Ilikuwa ndani ya hifadhi ya wenyeji, yaani ardhi waliyotengewa Waafrika, ya wilaya ya North Kavirondo, na ilikuwa imejaa watu, makaburi, mashamba na malisho. Hapa ndipo kiini cha kisa hiki kilipo, na naomba msomaji avumilie tukienda polepole.

Mwaka 1930, kabla ya dhahabu kutangazwa, serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha Sheria ya Udhamini wa Ardhi za Wenyeji. Sheria ile ilisema ardhi za hifadhi zimetengwa kwa matumizi na manufaa ya wenyeji milele. Iliweka pia masharti mawili yaliyowapa watu matumaini. Kipande kikichukuliwa kwa kazi ya umma, hifadhi iongezewe ardhi nyingine ya kiasi kile kile, na Baraza la Wenyeji lishauriwe kwanza. Ardhi kwa ardhi. Wazee walielezwa hivyo barazani.

Kisha dhahabu ikaonekana. Desemba 1932, chini ya Gavana Joseph Byrne, Baraza la Kutunga Sheria mjini Nairobi lilirekebisha sheria hiyo kwa haraka. Ardhi yenye madini sasa iliweza kutolewa katika hifadhi bila kuongezwa nyingine mahali pake, fidia ikawa fedha, na sharti la kulishauri Baraza la Wenyeji kwanza likaondolewa. Neno "milele" lilidumu karibu miaka miwili na nusu.

Kelele zilisikika hadi London. Lord Lugard, gavana wa zamani wa Nigeria ambaye hakuna awezaye kumwita adui wa ukoloni, alipinga. Askofu Mkuu wa Canterbury alipinga pia, na mapema 1933 jambo hilo lilijadiliwa katika Bunge la Malodi. Huku kwetu, Archdeacon Walter Owen wa misheni ya Kianglikana ya CMS Nyanza, aliyekuwa ameshazoea kugombana na maofisa, aliandika kulalamikia kilichokuwa kikitendeka. Waziri wa Makoloni, Philip Cunliffe-Lister, akalitetea badiliko hilo. Wenyeji nao hawakukaa kimya. Tume ya Ardhi ya Kenya chini ya Morris Carter ilikuwa ikizunguka nchini mwaka ule ule wa 1932, na watu wa North Kavirondo walijitokeza kutoa ushahidi. Maneno yao yalichapwa mwaka 1934 katika majuzuu matatu makubwa ya ushahidi wa tume hiyo. Chama cha North Kavirondo Central Association, kilichoibuka katika miaka hiyo, kilisukumwa kwa kiasi kikubwa na hofu hiyo hiyo: leo wamechukua palipo na dhahabu, kesho watachukua wapi?

Nimekaa sana hapa kwa sababu moja. Tulipoanza kazi yetu tuliandika katika barua kwamba Rosterman ihifadhiwe kwa kuwa ulikuwa mgodi mkubwa wa dhahabu. Hiyo ni kweli, lakini migodi mikubwa iko mingi duniani. Kinachoifanya Kakamega iwe ya pekee ni kwamba hapa ahadi ya ardhi iliyotolewa kwa maandishi ilivunjwa kwa maandishi, na kila mtu aliona. Kibao chochote kitakachosema aunsi za dhahabu zilizotoka bila kusema Desemba 1932 kitakuwa kimedanganya kwa kunyamaza.

Miaka ya kazi, na kufungwa

Johnson na wenzake walianza kwa kuosha mchanga wa mtoni kwa karai, lakini karai haifiki mbali. Dhahabu ya mtoni ilipoanza kupungua waliobaki ni wenye mtaji wa kuteremka mwambani, na Rosterman ilikuwa miongoni mwao. Kati ya 1935 na 1952 ilitoa zaidi ya aunsi 250,000 za dhahabu, karibu tani 8. Mawe yake yalikuwa na wastani wa takriban gramu 13 kwa kila tani, kiwango cha juu sana. Piga hesabu uone maana yake: ili kupata dhahabu hiyo ilibidi kuchimba, kupandisha na kusaga karibu tani 600,000 za mawe. Dhahabu ilisafiri, na unga wa mawe ukabaki hapa.

Tani hizo zilipita mikononi mwa watu. Waliotoboa, waliopakia, walioweka nguzo na waliosukuma vigari walikuwa vijana wa Kiluhya na Kijaluo, wengi wakiwa wametoka nyumbani kutafuta shilingi za kodi ya kibanda. Kuna upande mwingine pia, na nisipouandika nitakuwa nimewapunja wazee wetu. Kambi za migodi zilihitaji chakula. Wakulima wa hapa waliuza mahindi, maharagwe na kuku, na wengine wakaanzisha vinu vya maji vya kusaga unga. Baba yangu alikuwa akisema karo yake ya kwanza ya shule ililipwa kwa maharagwe yaliyouzwa kambini. Watu walidhulumiwa, na watu hao hao wakatumia akili zao kujinufaisha kwa kila walichoweza.

Kwa nini mgodi ulifungwa? Wengi hudhani dhahabu iliisha. Sivyo. Tangu 1934 bei ya dhahabu ilikuwa imefungwa kwenye dola 35 kwa aunsi, na ilibaki hapo kwa zaidi ya miaka 30. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia gharama za mashine, mafuta na vibarua zilipanda mwaka hadi mwaka, na kuchimba mbali zaidi chini kunahitaji pampu zaidi, hasa katika nchi inayopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Gharama ikapanda, bei ikasimama. Mwaka 1952 kazi ikakoma na maji yakaachiwa yajaze mapito. Hakuna aliyerudisha ardhi hali yake ya kwanza. Siku hizi Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mwenye leseni aweke dhamana ya mazingira kabla ya kuanza kazi. Mwaka 1952 mtu alifunga ofisi na kuondoka.

Kosa la barua yetu

Narudi chini ya mwembe.

Tulipokuwa tukiandika barua tulikuwa na picha za nchi nyingine kichwani. Mmoja wetu alikuwa amesoma juu ya Zollverein, mgodi wa makaa ya mawe wa Essen, Ujerumani. Shafti namba 12 ya Zollverein ilianza kazi mwaka 1932, mwaka ule ule ambao wenyeji wa hapa walikuwa wakinyang'anywa ahadi yao. Uchimbaji ulikoma 1986, na mwaka 2001 mahali pale pakaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mnara wake wa chuma bado umesimama, na mahali yalipooshwa makaa sasa pana makumbusho. Mimi nilipendezwa zaidi na Big Pit ya Blaenavon, kusini mwa Wales, iliyofungwa 1980 na kufunguliwa tena 1983 kama makumbusho. Mgeni huvalishwa kofia yenye taa, huacha juu saa, simu na kiberiti, kisha hushushwa mita 90 hivi chini ya ardhi akiongozwa na watu waliowahi kuchimba makaa wenyewe.

Tulichokosea kukiona ni kwamba Zollverein na Big Pit zilihifadhiwa baada ya kufa. Wachimbaji walikuwa wameshaweka chini sururu zao. Rosterman ya kampuni ilikufa 1952, lakini Rosterman ya watu haijafa hata siku moja. Watu wamerudi kwenye mashimo ya zamani na kuchimba mapya kando yake, kwa nyundo, patasi, kamba na tochi za kichwani. Mawe hupandishwa kwa ndoo na magunia. Chini ya miti wanawake huketi wakiyaponda, yakisha kusagwa huoshwa kwenye ubao uliotandikwa gunia, na mwishowe karai na tone la zebaki hukusanya chembe zilizobaki. Wanunuzi huja kupima kwa gramu na pointi, yaani sehemu ndogo za gramu. Kuweka ua kulikuwa na maana ya kuwatoa watu hao ardhini kwa mara nyingine, na safari hii kwa jina la kukumbuka walivyotolewa mababu zao. Yule mama alituonyesha hilo kwa sentensi mbili.

Kulikuwa na jambo jingine zito ambalo barua yetu haikuligusa. Tangu miaka ya 2010 makampuni yamekuwa yakitafiti ukanda wa Lirhanda, pande za Isulu na Bushiangala. Mwaka 2017 kampuni ya Acacia ilitangaza makadirio ya takriban aunsi milioni 1.3. Baadaye leseni zilipita kwa Barrick, kisha mwaka 2020 kwa Shanta Gold. Kwa hiyo katika nchi hii hii swali la 1932 limeamka tena: nani atahama, atapewa ardhi au fedha, na nani ameulizwa kwanza? Sheria imebadilika. Katiba inasema madini ni ya umma, na Sheria ya Madini inagawa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayotoa, asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali. Lakini mzee anayeulizwa akubali fidia ya fedha anastahili kujua kwamba babu yake aliulizwa jambo hilo hilo, na kilichotokea. Kumbukumbu ya Rosterman ni kinga kwa watu walio hai, na kwangu hiyo inatosha kuwa sababu ya kuihifadhi.

Kusoma kuta

Wiki mbili baada ya mkutano nilirudi kwa yule mama, bila karatasi, kumwomba radhi. Alinikaribisha chai, kisha akanipeleka kwenye mdomo wa shimo moja lenye ngazi ya miti.

"Mwalimu, unajua hili ni la nani?"

Nilisema ni la wachimbaji wa sasa, kwa kuwa ngazi ilikuwa mpya. Akatikisa kichwa, akamulika tochi ukutani. Kwenye mwamba kulikuwa na mifereji iliyonyooka, mviringo nusu, kama mtu aliyekata bomba kwa urefu na kulibandika jiweni. "Hii ni mashine ya Mzungu," akasema. "Sisi nyundo yetu haiachi hivi." Akamulika upande wa pili, ambako ukuta ulikuwa na makovu mafupi yasiyo na mpangilio. "Hapa ndipo sisi tulipoanza."

Alikuwa sahihi kabisa. Kampuni za zama zile zilitoboa mwamba kwa tindo za mashine zinazoendeshwa na hewa iliyoshindiliwa, zikajaza baruti katika matundu na kulipua. Baada ya mlipuko, nusu ya tundu hubaki ukutani. Ndiyo alama ambayo wataalamu wa akiolojia ya migodi huitafuta popote duniani. Mama huyu hakuwahi kusoma akiolojia. Amezisoma kuta hizo kwa miaka kwa sababu uhai wake unategemea kujua anaingia katika shimo la nani: la kampuni linaweza kuwa limeungana na mapito yaliyojaa maji, na mtu akitoboa upande wa pili bila kujua, maji humjia yote kwa pamoja. Kila masika hofu hiyo hurudi.

Hapo mpango wetu ulipinduka. Tulikuwa tukitafuta wataalamu wa kuja kuuhifadhi mgodi, kumbe wasomaji wake wakuu walikuwa chini yake.

Tulivyoanza upya

Kazi ya kwanza sasa ni ramani ya mashimo. Wachimbaji wanatuonyesha lipi ni la kampuni, lipi ni la enzi ya baba zao na lipi ni la mwaka jana, nasi tunaandika na kupima midomo. Ramani hiyo ina faida mbili kwa wakati mmoja. Kwa historia, inaonyesha mgodi wa 1935 ulivyotawanyika. Kwa usalama, inaonyesha mahali ambapo mtoto anayefuata mbuzi anaweza kutumbukia. Shimo lisilotumika halifai kujazwa kifusi hivi hivi, kwa kuwa kifusi hushuka na kutitia baada ya mvua kadhaa, na watu huwa wameshaamini kwamba pamefunikwa. Huzibwa kwa bamba la zege lenye nondo lililokalia mwamba mgumu, au kwa wavu wa chuma unaopitisha hewa na kuwaachia popo njia yao. Juu yake unaweza kuandika jina na mwaka. Mahali pa hatari panakuwa alama ya historia, na hakuna aliyefukuzwa.

Kazi ya pili ni sauti. Mtu aliyekuwa na miaka 20 mgodi ulipofungwa sasa amepita 90. Kila matanga tunayohudhuria tunapoteza ukurasa. Tumeanza na wajane na watoto wa wachimbaji, kwa lugha zao wenyewe, simu ikiwa mezani inarekodi. Kukhu mmoja, yaani bibi mzee, alitueleza jinsi wanawake walivyotambua zamu imekwisha kwa kuona rangi ya vumbi miguuni mwa wanaume wakipita njiani. Hakuna ripoti ya ofisi ingeweza kuandika hilo. Ripoti zenyewe nazo tunazihitaji. Mafaili ya wilaya ya North Kavirondo yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka Nairobi chini ya alama DC/NN, na mtu yeyote mwenye kitambulisho anaweza kujiandikisha na kuyasoma. Vijana wetu wawili wamekwisha kwenda. Walirudi na nakala, na walirudi na hasira, na sikuwazuia.

Kazi ya tatu ni sheria, na hapa kuna kosa ambalo watu wengi hulifanya. Wanadhani kitu kikiwa cha kikoloni kinalindwa chenyewe. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1895. Rosterman ni ya miaka ya 1930, hivyo mtu akiamka kesho na trekta hakuna kinachomzuia, mpaka waziri, baada ya kushauriana na Makumbusho ya Taifa, atangaze katika Gazeti Rasmi la Serikali kuwa mahali fulani ni mnara wa kumbukumbu. Tangazo huacha miezi miwili ya watu kuleta pingamizi. Barua yetu ya kwanza ingeangukia hapo, na ingestahili kuanguka, kwa maana wenye pingamizi wangekuwa majirani zetu wenyewe.

Ombi jipya ni dogo. Halitaji eneo zima. Linataja kipande kimoja ambacho wachimbaji wenyewe wamekichagua kwa kuwa hakina mshipa unaofuatwa tena, pamoja na mdomo wa shimo lenye alama za tindo ukutani. Sehemu nyingine zote zinabaki kazini. Wengine katika kundi letu wanaona tumekubali kidogo mno. Mimi naona kipande kidogo kinachotunzwa na wenyeji kitadumu kuliko eneo kubwa linalolindwa na askari mmoja asiyelipwa kwa wakati. Thimlich Ohinga huko Migori, iliyoingia Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, inatufundisha kitu hapa: kuta zile za mawe yasiyo na udongo wala saruji zilisimama karne nyingi kwa sababu waliokaa ndani yake kizazi baada ya kizazi waliendelea kuzikarabati.

Lipo jambo moja ambalo sikubaliani na wachimbaji, na nimewaambia uso kwa uso. Ni zebaki. Mchanganyiko wa zebaki na dhahabu ukichomwa, mvuke wake huingia mapafuni, hudhuru mishipa ya fahamu na figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Nimeona ukichomwa kwenye jiko lile lile la kupikia chai. Zebaki inayomwagika haipotei, hukaa matopeni na kushuka mtoni. Hakuna mtoto wa shule atakayeletwa kutembea juu ya kifusi hicho kabla udongo haujapimwa, na hilo tumeliandika katika ombi kama sharti letu wenyewe. Uchomaji tumeomba uhamishwe mbali na nyumba, na wachimbaji wapatiwe vifaa vya kunasa mvuke. Baadhi wamekubali. Wengine wanasema njaa huua haraka kuliko zebaki, na sina haki ya kuwakemea nikiwa na pensheni yangu.

Ofisi moja tuliyopeleka rasimu ya ombi ilituuliza kwa nini tusiombe pesa za kuvutia watalii. Kakamega ina msitu, ina lile jiwe la Ilesi linalotiririka maji kama machozi, ina ngoma ya isukuti iliyoingia orodha ya UNESCO mwaka 2014. Watalii wakija Rosterman watakaribishwa. Lakini nikifikiria ni nani hasa ninayetaka asimame pale kwanza, simwoni mgeni mwenye kamera. Namwona kijana wa Bushiangala ambaye kesho ataletewa karatasi ya fidia aitie sahihi. Namkumbuka pia Mnigeria mmoja, mwalimu mwenzangu wa zamani, aliyenieleza jinsi watu wa Enugu, mji wa makaa ya mawe, wanavyoitaja tarehe 18 Novemba 1949, siku polisi wa kikoloni walipowapiga risasi wachimbaji wa Iva Valley wakaua 21. Tarehe wanayo midomoni. Sisi tarehe yetu ya Desemba 1932 hatujui hata watoto wetu waitamke vipi.

Rasimu ya maneno ya kibao tumeiandika kwa Kiluhya kwanza, kisha Kiswahili. Tulipomsomea yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akaomba tuirudie sehemu ya waliotoboa mwamba.

"Mmewaandika wanaume walioingia chini," akasema. "Waliokuwa wakiwapikia na kuponda mawe mbona hamjawaandika?"

Tumeongeza mstari. Jumamosi ijayo tunapima shimo la kwanza upande wa mtoni, na yeye ndiye atakayetangulia na tochi.